Shule imefuta programu ya wenye vipaji, na binti yangu ameambiwa asubiri Kiingereza

*"Mwalimu, shikamoo. Tunaishi Marekani, huu ni mwaka wa sita. Binti yangu yuko darasa la tatu katika shule ya umma. Hesabu anazimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli, kisha anachora mezani au anapiga soga mpaka anatolewa nje. Nyumbani anasoma vitabu vya kaka yake wa darasa la sita. Mwaka jana mwalimu wake aliniambia atampendekeza kwenye programu ya watoto wenye vipaji. Mwaka huu nimeuliza, nikajibiwa kwamba wilaya imemwondoa mwalimu wa programu hiyo kwa sababu ya bajeti, na kwamba hata hivyo binti yangu bado yumo kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza, kwa hiyo asubiri. Rafiki yangu anasema serikali inalazimika kuwahudumia watoto hawa, nishtaki. Mwingine anasema nihamie mtaa wenye shule nzuri. Mume wangu anataka tulipe mwanasaikolojia ampime. Shule ina haki ya kufanya hivi? Na fedha za watoto hawa hutoka wapi?"*

Marahaba, mama. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona shule imekufungia mambo mawili kwenye furushi moja. Moja ni fedha: mwalimu ameondolewa. Jingine ni lugha: mtoto asubiri. Wamekujibu kana kwamba ni jambo moja. Kwenye fedha huenda hawajavunja sheria yoyote, hata kama inauma. Kwenye lugha wako pabaya, na hapo ndipo ningebana kama ningekuwa wewe. Nitaanza na fedha hata hivyo, maana ukijua zinakopitia utajua nani wa kumwomba nini.

Rafiki yako aliyekwambia ushtaki amechanganya watoto wa aina mbili. Tangu mwaka 1975 Marekani ina sheria ya nchi nzima inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, mpango wa maandishi wa kwake peke yake, na njia ya kukata rufaa mzazi asiporidhika. Kipaji hakimo katika sheria hiyo. Hakuna sheria ya shirikisho inayoilazimisha shule kumtambua mtoto mwenye kipaji, wala kumfundisha tofauti na wengine. Iliyopo ni sheria ya mwaka 1988 iliyopewa jina la Seneta Jacob Javits, nayo hutoa ruzuku za kushindaniwa kwa ajili ya utafiti na miradi ya majaribio. Fedha zake hazijawahi kufika dola milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2011 Bunge lilizikata zote, zikarudi kidogo mwaka 2014. Linganisha na elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mwaka 2023 ilipata zaidi ya dola bilioni 14 kutoka serikali kuu.

Sikuletei ulinganisho huo ili uwaonee kijicho wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wao wenyewe wamepunjwa: Bunge liliahidi kulipia hadi asilimia 40 ya gharama za ziada za elimu hiyo na halijawahi kufika hapo. Pengo linazibwa na wilaya kutoka mfukoni mwake, kwa sababu sheria inailazimisha. Hapo ndipo programu ya binti yako inapoliwa. Bajeti ikibana, mkurugenzi wa wilaya ya shule hulipa kwanza vile ambavyo asipovilipa atashtakiwa, kisha hugawa makombo. Sijakutana na mkurugenzi anayechukia watoto wenye vipaji. Nimekutana na wengi wanaowaweka mwisho wa orodha kwa sababu hakuna anayewalazimisha wawaweke juu.

Fedha za shule yenu zenyewe hutoka sehemu tatu. Serikali kuu, kwa miaka ya kawaida, hutoa takribani sehemu moja ya kumi. Zilizobaki hugawana jimbo na wilaya, na sehemu kubwa ya fungu la wilaya ni kodi ya majengo, ndiyo maana mtaa wenye nyumba za bei kubwa huwa na shule zenye vitu vingi. Wazazi wa San Antonio, Texas, waliupinga mpangilio huu mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Katiba ya Marekani haitaji elimu kama haki ya msingi. Tangu hapo vita vya fedha za shule hupiganwa zaidi jimbo kwa jimbo.

Kwa hiyo swali lako "shule ina haki?" hujibiwa na jimbo unaloishi, na majimbo yanapishana kama mbingu na ardhi. Pennsylvania humpa mtoto aliyetambuliwa mpango wake wa maandishi na mzazi njia ya kulalamika rasmi. Kansas imewaweka watoto hawa ndani ya sheria yake ya elimu maalumu, kwa hiyo wana mpango unaofanana na ule wa mtoto mwenye ulemavu. Georgia huwahesabu kwa uzito mkubwa zaidi katika fomula ya fedha, yaani mtoto mmoja aliyetambuliwa huiletea wilaya fedha nyingi kuliko mwenzake. Minnesota hutoa dola 13 kwa kila mwanafunzi wa wilaya kwa kazi hii, kiasi ambacho wilaya ndogo ikikijumlisha huenda isimudu mshahara wa mwalimu mmoja. California ilikuwa na fungu lake mahususi, lakini mwaka 2013 likamezwa na mfumo mpya wa bajeti na kila wilaya ikaachiwa iamue yenyewe. Ohio ndiyo hunichekesha kidogo: wilaya zinalazimika kuwatambua watoto wenye vipaji, ila hazilazimiki kuwahudumia. Mzazi anapata barua nzuri ya kuwekwa kwenye fremu, basi.

Hujanitajia jimbo lako. Piga simu idara ya elimu ya jimbo, kitengo cha elimu ya wenye vipaji, uulize mambo matatu, na uyatenganishe: wilaya inalazimika *kutambua*? Inalazimika *kuhudumia*? Na jimbo linatoa fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo tu, au zinaingia kwenye kapu la jumla? Jibu la tatu ndilo litakalokuonyesha kama wilaya imekata kitu ambacho bado inapokea fedha zake. Ikiwa ndivyo, una neno la kusema mbele ya bodi ya shule, ile inayosimamia shule za wilaya nzima.

Kwa nini wamekata sasa hivi? Wilaya nyingi ziliajiri walimu kwa fedha za dharura za korona, karibu dola bilioni 190 kwa nchi nzima kwa jumla, na muda wa kupangia matumizi fungu la mwisho uliisha Septemba 2024. Pia wanafunzi wakipungua, fedha hupungua, kwa sababu shule hulipwa kwa vichwa. Na kwa kuwa sehemu kubwa kabisa ya bajeti ya shule ni mishahara, kupunguza matumizi maana yake ni kuondoa mtu. Mwalimu anayezunguka shule tatu akiwachukua watoto wanane saa moja kwa wiki ndiye anayeonekana wa kwanza.

Sasa nikuulize jambo ambalo wazazi hawapendi nikiliuliza: umepoteza nini hasa?

Nilifanya kazi hiyo ya kuzunguka. Jumanne shule hii, Jumatano ile, na kabati la roboti za kuchezea. Watoto walinipenda. Lakini Jumanne ikiisha walirudi darasani kwenye hesabu zile zile walizozijua tangu mwaka uliopita, siku nne nzima. Utafiti uliowafuatilia watoto wa Marekani tangu chekechea hadi darasa la tano, ukatolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba waliokuwa katika programu hizi walipata nyongeza ndogo ya kusoma na ndogo zaidi ya hesabu, na watoto weusi na wa familia maskini karibu hawakupata chochote. Programu nyingi hutoa michezo ya akili na mafumbo. Ni chache zinazompandisha mtoto kwenye somo lenyewe. Kwa hiyo usilie sana na jina la programu. Shida ya binti yako, kama ulivyonielezea, ni kwamba anafundishwa anachokijua. Dawa ya shida hiyo haihitaji kabati la roboti.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kumpandisha katika somo moja. Saa ya hesabu ikifika, anaingia darasa la nne, kipindi kikiisha anarudi kwa wenzake. Gharama yake ni kupanga ratiba za madarasa mawili zikutane. Mwalimu mkuu atakwambia haiwezekani kwa sababu ratiba hazilingani. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kweli, na mara nyingi inatatulika kama ombi limekuja kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa. Njia nyingine ni kuwakusanya watoto watano hadi wanane wenye uwezo wa karibu katika darasa moja la kawaida, chini ya mwalimu aliyefunzwa namna ya kuwapa kazi ya juu. Shule hulipia mafunzo tu. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inaruhusu fedha za Title I, zinazokwenda shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo, zitumike kuwatambua na kuwahudumia wenye vipaji. Walimu wakuu wengi hawalijui hili. Likumbushe kwa upole.

Halafu kuna kurushwa darasa zima, kitu ambacho wazazi wengi wa kwetu tunakijua na ambacho walimu wa Marekani wanakiogopa. Husema mtoto ataumia kijamii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Iowa kilitoa ripoti iliyokusanya utafiti wa miaka hamsini, na ripoti hiyo haikuona madhara hayo kwa watoto waliochaguliwa kwa makini. Kimasomo walifanya vizuri. Neno zito hapo ni *kwa makini*. Kuna kipimo kinachoitwa Iowa Acceleration Scale, ambacho huangalia uwezo, umri, kimo, ukomavu, ndugu walio shule moja, na kama mtoto mwenyewe anataka. Kuhusu ndugu: ikiwa kumrusha kutamweka darasa moja na kaka yake, kipimo hicho hukataa, na mimi nakubaliana nacho. Kwa binti yako wa darasa la tatu mwenye kaka wa darasa la sita hilo halipo. Hata hivyo ningeanza na hesabu peke yake. Bado anajenga Kiingereza cha darasani, na kumrusha kote kwa pamoja kunaweza kumwondolea mwaka wa kuandika ambao angeuhitaji. Nikiona baada ya miezi minne amezimeza hesabu za darasa la nne pia, ningebadili mawazo.

Tuje kwenye lugha. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtoto kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumweka mtoto darasani bila kumsaidia kuvuka kizuizi cha lugha ni kumnyima elimu. Orodha aliyomo binti yako iliwekwa ili asaidiwe. Wakiigeuza kuwa sababu ya kumzuia asipimwe, wameigeuza sheria nzima juu chini. Mimi ni mwalimu, si mwanasheria, lakini sijawahi kuona wilaya iliyotetea kwa maandishi kanuni ya "wanaojifunza Kiingereza hawapimwi". Inasemwa mdomoni tu. Kwa hiyo omba iandikwe. Andika barua fupi: *Naomba binti yangu apimwe kwa ajili ya huduma za wenye vipaji. Ikiwa hawezi kupimwa, naomba nijulishwe kwa maandishi sababu na kanuni ya wilaya inayotumika.* Tia tarehe, baki na nakala. Na una haki ya mkalimani kwenye kikao. Usikubali mwanao awe ndiye anayekutafsiria.

Uliza pia atapimwa kwa kipimo gani. Vipimo vyenye sehemu ya maneno humpima mtoto wa lugha mbili Kiingereza chake huku vikidai vinampima akili. Kipimo kiitwacho Naglieri hutumia maumbo na mifuatano bila maneno, na kingine kiitwacho CogAT kina sehemu tatu ambazo moja yake ni ya maumbo. Navyo si mizani kamili. Mtoto ambaye hajawahi kushika fumbo la maumbo huanza nyuma ya aliyelala nayo kitandani. Ndiyo maana wapimaji wazuri hutazama zaidi ya alama moja: kazi zake za darasani, kasi yake ya kujifunza Kiingereza (hiyo yenyewe ni ushahidi), na namna anavyolingana na wenzake wa *shule hiyo hiyo*. Kulinganisha ndani ya shule kuna mantiki, kwa sababu swali ni nani hapati somo linalomfaa katika chumba hiki.

Na hapa fedha na haki hukutana. Wilaya ya Broward, Florida, ilianza mwaka 2005 kuwapima kwa kipimo kisicho cha maneno watoto wote wa darasa la pili, badala ya kungoja mwalimu au mzazi apendekeze. Ghafla wakaonekana watoto weusi, wa Kilatino na wa familia maskini ambao hakuna aliyekuwa amewataja. Hawakuwa wamepata akili mwaka huo. Walikuwapo siku zote. Kisha mdororo wa uchumi ukabana bajeti, upimaji wa wote ukasimamishwa, na idadi yao ikashuka tena. Kupima watoto wote ni gharama ndogo mno kuliko mshahara wa mwalimu. Ukipata dakika zako mbili mbele ya bodi ya shule, omba hilo kabla ya kuomba programu irudi. Utaungwa mkono na wazazi ambao watoto wao hawajatajwa na mtu. Katika majimbo mengi mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupigiwa kura majira ya kuchipua. Ukienda Agosti utapewa pole na kahawa.

Kuhusu mume wako na mwanasaikolojia. Upimaji wa kulipia hugharimu mamia ya dola, mara nyingine zaidi ya elfu moja, na kuna wilaya zisizokubali matokeo ya nje kabisa. Msilipe hata senti kabla wilaya haijawajibu kwa maandishi kama inayapokea. Na hata ikiyapokea, mtakuwa mmenunua karatasi ya kuingilia programu ambayo haina mwalimu.

Kuhama? Kodi ya nyumba kwenye mitaa hiyo hupanda kwa sababu ya shule zenyewe, na nimeona familia zikihamia wilaya yenye sifa, zikakuta orodha ya kusubiri na mtoto asiye na rafiki. Ulizia kwanza shule za umma za mchepuo na sheria za uhamisho ndani ya wilaya yenu, kwani mara nyingi unaweza kubadili shule bila kubadili nyumba. Wakati huo huo, msimdharau yule kaka na vitabu vyake vya darasa la sita. Kadi ya maktaba ya umma ni bure, na mtoto anayechagua mwenyewe cha kusoma anajifunza kuliko anayepelekwa kituo cha masomo ya ziada kila jioni mpaka achoke.

Kuna wakati ushauri wa kuandikiana hautoshi. Kutolewa nje mara kwa mara kunaweza kuwa uchovu wa kurudia vitu, lakini pia kunaweza kuwa macho, masikio, usingizi, au tatizo la umakini, na mtoto mmoja anaweza kuwa na kipaji na ulemavu kwa pamoja, kimoja kikificha kingine. Mwangalie: akipewa kazi ngumu kweli, anatulia? Akitulia, ni uchovu. Asipotulia hata kwenye anachokipenda, mpeleke kwa daktari wake wa watoto, kisha andikia shule kuomba tathmini ya elimu maalumu, ambayo wao hulipia na ambayo ina nguvu ya ile sheria ya 1975. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu bila malipo. Akianza kukataa shule, kulia asubuhi, au kusema yeye ni mtoto mbaya kwa sababu ya kutolewa nje, usingoje kikao cha bodi. Omba kuonana na mshauri wa shule wiki hiyo hiyo. Na wilaya ikijibu kwa maandishi kwamba lugha ndiyo kizuizi, peleka barua hiyo kwa wakili wa elimu au ofisi ya msaada wa sheria iliyo karibu nawe kabla hujamjibu mtu.

Ila barua ya kuomba kipimo iandike wikiendi hii. Kwa mwalimu wake wa hesabu, andika nyingine yenye mstari mmoja tu: ni mada zipi za darasa la tatu ambazo binti yangu bado hajazijua?